Kijana wa fildi na maprograma wake: gemu ipi ukacheze?

Fildi yangu niliifanyia hapa hapa Tanga, kwenye ofisi ya vyumba viwili huko Chumbageni, ghorofani, feni moja na maprograma wanne. Barua ya chuo ilisema nakwenda kujifunza utengenezaji wa mifumo. Wiki ya kwanza nilichojifunza ni kwamba kaka wa dirishani hanywi kahawa yenye sukari, wa mlangoni hanywi isiyo na sukari, wa tatu ukimsemesha akiwa amevaa hedifoni atanuna mpaka adhuhuri, na wa nne, ambaye nilidhani ndiye mwenye bidii kuliko wote, anajua kulala macho wazi. Nyumbani nilimwambia mama kwamba siku hizi nashinda na watu wanaoandika kodi. Alifurahi sana, akawatangazia majirani kuwa mtoto kapata kazi mapato. Sikumrekebisha kwamba kodi ya kwetu ni maandishi ya kompyuta. Wiki ile pilau ilipikwa mara mbili.

Ofisi ni ile ile, ila sasa mimi ndiye ninayepokea vijana. Ikifika miezi ya fildi wanapanda ngazi na bahasha zao za kaki, shikamoo dada, marahaba, na kabla hawajaonyeshwa choo kilipo wameshauliza paswedi ya waifai. Mji wetu una jina lake, waja leo waondoka leo, na sijaona watu linaowakaa vizuri kama hawa: wiki nane, muhuri kwenye kitabu cha fildi, kwaheri. Mmoja wao ndiye aliyenitia katika haya. "Dada, ile gemu ya fildi unaijua?" Gemu ya fildi? "Ile ya kuchekesha. Wewe ni kijana wa fildi, kazi yako maprograma wasilale."

Gemu za namna hiyo zipo, na mara nyingi ni kazi ya watu wawili watatu waliojifungia wikendi moja wakaitengeneza, kisha wakaiachia bure. Ukiiona moja umeielewa nyingine. Ofisi unaiona kutoka juu, kama uko darini. Kila programa ana kipimo kinachoelea kichwani pake na kinapungua kila dakika. Kikishuka, huyu anaanza kutazama video za paka, yule anahamia kwenye soga, wa tatu anainamia kibodi. Wewe unakimbia: kikombe huku, chakula kule, gusa bega, rudi, mashine ya kahawa imekauka, bosi anakuja. Siku ya kukabidhi kazi ikifika, ama programu imekamilika au umefukuzwa kazi ambayo hata hukuwa unalipwa.

Ukoo wake unajulikana. Mwaka 2004 ilitoka Diner Dash, gemu ya mhudumu wa mgahawa aitwaye Flo, anayepeleka sahani kabla wateja hawajapandwa na hasira. Flo alikuwa mfanyakazi wa ofisini aliyechoshwa na meza na simu, akakimbia, akafungua mgahawa. Sasa tazama dunia inavyozunguka: watu wamechukua mbio zake za sahani wakazirudisha ofisini kule kule alikokimbia.

Shida ya hizi ndogo ni kwamba nusu saa zimekwisha. Unacheka, unafunga, umesahau. Anayetaka kitu cha kukaa nacho wiki nzima itambidi aende kwa kaka zao wakubwa, na huko ndiko kijana wangu alikopotelea, kwa sababu kila mtu alimpa jina tofauti. Nimezicheza tano. Nyota sizigawi, maana nyota za mtu mwingine hazikusaidii kitu. Nilichozipimia ni swali moja ambalo aliyewahi kufanya fildi atalielewa: gemu hii inadhani programa anaendeshwa na nini?

Kahawa, utasema. Ni kweli wenyewe wanaiabudu. Mwaka 1991 wataalamu wa maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichoka kutembea kufuata kahawa na kukuta birika tupu. Wakaweka kamera ya kulitazama birika, picha ikawa inawafikia mezani. Mwaka 1993 picha hiyo ikawekwa kwenye intaneti, na watu wa nchi za mbali wakawa wanatazama kama kahawa ya wenzao imebaki. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa kamera ya kwanza ya mtandaoni, na ilidumu hadi tarehe 22 Agosti 2001 ilipozimwa. Akili zote hizo, na walichokosa ni kijana wa fildi tu. Hapa kwetu hata hiyo sababu wasingeipata, kwa kuwa muuza kahawa anapita mwenyewe na dele lake na jiko chini yake, anagonganisha vikombe, unamsikia kabla hujamwona, kashata ziko kwenye kopo. Lakini kahawa nitairudia baadaye, nina ugomvi nayo.

Mwenye simu tu

Wengi wetu ndivyo tulivyo, simu ndiyo kompyuta, basi nianze hapo. Kwenye simu mashindano ni ya ndugu wawili wanaofanana hadi watu wamewahi kugombana kwa ajili yao.

Mkubwa ni Game Dev Story ya Kairosoft, kampuni ya Japani. Ilianzia kwenye kompyuta huko kwao mwaka 1997, ikaja kwenye simu kwa lugha ya Kiingereza mwaka 2010. Michoro yake ni ya vidoti, watu wadogo kama punje za mpunga. Wewe ni mwenye kampuni ya kutengeneza gemu. Unaanza na nafasi za watu wanne, ofisi ikikua wanafika sita, kisha wanane. Kila mmoja ana uwezo wake katika programu, hadithi, michoro na sauti, na akifanya kazi alama zinamtoka kama mapovu. Akichoka ananyanyuka anakwenda zake nyumbani, na wewe bosi huna la kumfanya. Halafu kuna siku mtu anawaka. Anawaka kweli, moto umechorwa mwili mzima, na alama zinatoka mfululizo mpaka unasahau kupumua.

Kwa Kairosoft, basi, programa ni jiko la mkaa. Utalipepea, utaliongeza mkaa, lakini litashika moto saa litakayotaka lenyewe. Kuna hata mchuuzi anayeingia ofisini kukuuzia vitu. Mara ya kwanza kumwona nilicheka peke yangu, kwani kwetu wa karanga na wa soksi hawabishi hodi pia. Kampuni kubwa za ulimwengu zimo kwa majina yaliyopindwa, Intendro, Sonny, na utani huo mtoto wa kibanda cha gemu pale Makorora ataudaka bila kufafanuliwa. Alama zako huhesabiwa ukifikisha miaka 20 ya kampuni, na usiku mmoja wa umeme kukatika unatosha kwa sehemu kubwa ya safari, maana haihitaji bando ikishaingia kwenye simu.

Mdogo ni Game Dev Tycoon. Ndugu wawili wa tumbo moja, Patrick na Daniel Klug, walianzisha Greenheart Games mwaka 2012, na wao wenyewe hawafichi kwamba wa Japani ndiye aliyewatia hamu. Ilianzia kwenye kompyuta na baadaye ikafika kwenye simu. Hapa unaanzia gereji, peke yako, enzi za miaka ya 80. Ukipata pesa unahamia ofisini na kuajiri. Michoro ni safi zaidi, na uamuzi ni mwingi zaidi: nguvu uziweke kwenye hadithi au kwenye michoro, gemu ya vita uitengeneze kwa wakubwa au kwa watoto. Mfanyakazi akichoka kazi yake inapungua hadi umpe likizo, naye anarudi mpya. Programa hapa ni ng'ombe wa maziwa. Mlaze vizuri asubuhi ukamue. Mtu wa Tanga hatabishana na hilo, mji wetu unapenda maziwa, ila ng'ombe hana mashaka yake wala mkopo wa bodaboda, na hapo ndipo gemu inapokuwa nyepesi kuliko maisha.

Siwezi kuipita bila kusimulia kisa chake, kwa sababu kinatuhusu sisi wa kunakiliana kwa flashi. Aprili 2013, siku ya kuanza kuiuza kwenye tovuti yao, wenyewe walitoa kwa makusudi nakala ya bure kwenye mitandao ya wizi. Nakala hiyo ilifanana na ya halali kwa kila kitu isipokuwa kimoja: ukicheza saa kadhaa, kampuni yako inaanza kufa kwa sababu wachezaji wa ndani ya gemu wanaiba gemu zako badala ya kuzinunua. Baada ya siku moja walihesabu: walionunua 214, waliochukua ya bure 3,104. Katika kila mia, 93 na ushee walikuwa wezi. Na baadhi yao wakajitokeza hadharani kulalamika kwamba wizi unawafilisi, wakauliza namna ya kuuzuia. Nilipowasimulia vijana wa fildi walicheka sana. Kisha mmoja akanyamaza ghafla. Sikumuuliza.

Kati ya hizo mbili, kwenye simu chukua ya Kairosoft. Inachekesha zaidi na vidole haviteseki. Game Dev Tycoon iache kwa kompyuta, inapendeza kwenye kioo kikubwa. Zote mbili hulipiwa mara moja, hazikukamui kila siku kama zile za bure zenye matangazo. Kama huna kadi ya benki, zipo kadi za mtandaoni zinazotolewa na kampuni za simu, unazijaza kutoka kwenye pochi yako ya simu.

Ila tukubaliane: katika zote mbili wewe ni bosi. Aliyenunua ili ajione yeye na kikombe chake mkononi hatajiona.

Anayetaka kujiona

Huyo aende Going Under. Ilitengenezwa na Aggro Crab wa Seattle, Marekani, ikatolewa na Team17 Septemba 2020 kwa kompyuta, PlayStation 4, Xbox One na Nintendo Switch. Unacheza kama Jackie, msichana wa fildi. Hana mshahara. Alikuja kujifunza masoko katika kampuni ya vinywaji iitwayo Fizzle, na siku ya kwanza anapewa kazi ya kushuka chini ya jengo kuua mazimwi. Mazimwi yenyewe ni wafanyakazi wa kampuni changa zilizofilisika, wamezama ardhini na ofisi zao wakageuka vibwengo. Kuna kundi la vibarua wa mtandaoni, kuna kampuni ya kutafutia watu wachumba, kuna wa sarafu za kidijitali ambao wamebaki mifupa wakiwa bado wanachimba. Jackie anapigana kwa anachookota: kibodi, penseli, kiti. Vinavunjika haraka, anaokota kingine.

Mwanzoni niliona ni upuuzi. Kisha nikakumbuka siku ya pili ya fildi yangu nilipotumwa na ndoo kukinga maji yaliyokuwa yakivuja kutoka kwa jirani wa juu, mimi niliyekuja kujifunza hifadhidata. Gemu hii imeelewa jambo moja ambalo nyingine hazijaligusa, kwamba kazi ya kijana wa fildi haina mipaka kwa sababu hakuna aliyewahi kuiandika. Kila mtu ofisini ni bosi wake, na kila mmoja ana dogo-njoo-mara-moja yake. Utani wake ni mkali, na kuna mahali unacheka huku unaumia.

Swali langu la nini kinamwendesha programa hailijibu kabisa, wala haijali. Hapa haumwendeshi mtu, unanusurika naye. Na ni gemu ya kupigana: asiyezoea atakufa mara nyingi, ingawa kuna mpangilio wa kupunguza ugumu na hakuna aibu kuuwasha. Inataka pia kompyuta yenye nguvu kidogo, si ile laptopu ya chuo inayopiga kelele kama mashine ya kusaga ukifungua vitu viwili. Hilo ndilo linalowaangusha wengi.

Anayetaka kutoka na kitu

Human Resource Machine ilitoka mwaka 2015, kazi ya Tomorrow Corporation. Ukinilazimisha kumpa kijana wa fildi moja tu, ni hii, na nitaieleza polepole.

Ofisi. Mkanda wa kushoto unaleta maboksi yenye namba au herufi. Mkanda wa kulia unayachukua. Katikati yumo mfanyakazi mmoja. Bosi anakuambia anachotaka: peleka kila boksi upande wa pili, sasa peleka yasiyo sifuri tu, sasa jumlisha mawili mawili. Wewe humsogezi mfanyakazi kwa mkono. Unamwandikia orodha ya amri, kisha unakaa kutazama akiitii neno kwa neno, hata pale ulipokosea. Unaanza na amri mbili, chukua na weka, na kila hatua inahesabiwa kuwa mwaka mmoja kazini. Ukifika mbali zinakuwa 11 tu. Kumi na moja! Kwa hizo unapanga namba kwa ukubwa, unatafuta vigawanyo, unafanya kuzidisha ambako hukupewa amri ya kuzidisha.

Utamu wake ni kwamba mfanyakazi anashika kitu kimoja tu kwa wakati. Akitaka kubeba kingine bila kukipoteza cha kwanza lazima akiweke chini, sakafuni, kwenye kigae ulichomchagulia. Aliyewahi kusimama bandarini enzi za kupakua meli kwa matishari ataona mara moja: huyu ni kuli. Gunia moja mgongoni, na ujanja wote uko kwenye mpangilio wa safari zake. Kompyuta halisi ndani yake ndivyo inavyofanya kazi, na mchezaji analijua hilo kwa miguu ya yule kuli kabla hajalisoma popote.

Halafu inakutega. Ukimaliza hatua inakuuliza: unaweza kwa amri chache zaidi? Unaweza kwa hatua chache zaidi? Na mara nyingi viwili hivyo haviendi pamoja. Orodha fupi inamzungusha kuli jua kali, orodha ndefu inamfikisha mapema. Kijana mmoja alikwama hapo siku tatu. Akawa anakuja ofisini mapema kuliko mwenye funguo. Alipofaulu hakusema kitu, alikwenda dirishani akatazama nje kuelekea baharini, kisha akaniomba kazi halisi. Nikampa. Miezi yote niliyofanya fildi sikuwahi kuomba kazi, nilikuwa nasubiri kutumwa.

Ni nyepesi, laptopu ya kale inaibeba, na kwenye simu ipo. Ucheshi wake ni wa chini chini, wa watu wanaotabasamu wakikwambia roboti wanakuja kuchukua kazi yako. Ukiimaliza ipo ya pili, 7 Billion Humans ya mwaka 2018, ambamo roboti wameshachukua kila kitu, watu wakadai kazi, na wewe unawaandikia amri wengi kwa pamoja. Hiyo usianze nayo. Kuli mmoja anakutosha kwanza.

Ya tano niipite haraka. Software Inc. ya Coredumping ilianza kuuzwa mwaka 2015 kwa kompyuta, na humo unajenga jengo zima, unaweka meza, unaajiri timu, wasafishaji na wapokea wageni. Programa wake ni kuku wa mayai: mwanga usipotosha, joto likizidi, kelele ikiwa karibu, hatagi. Ni kweli tupu, na feni yetu moja ni shahidi, hasa miezi ya kaskazi. Lakini inataka mtu anayependa majedwali na mwenye saa za kupoteza. Mwenye ofisi ataipenda. Kijana wa fildi atalala.

Ugomvi wangu na kahawa

Karibu zote, ndogo na kubwa, zinachukulia kwamba kuna kitu unamwongezea programa, kazi inatoka. Mkaa, likizo, mwanga, kikombe. Nami niliamini hivyo hadi wiki ya tano ya fildi.

Kaka wa dirishani alikuwa ametulia tangu asubuhi, macho kwenye kioo, midomo inatikisika kama anayesoma uradi. Nikamwonea huruma. Nikampelekea kahawa bila sukari, kama apendavyo, nikaiweka taratibu, nikasema, "Kaka, kahawa." Alifumba macho. Akakaa hivyo kidogo, kisha akagusa kipaji cha uso wake. "Ilikuwa hapa," akasema. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Tangu saa tatu alikuwa amebeba mfumo mzima kichwani, kipande juu ya kipande, na mimi nilimgonga kwa kikombe.

Programa ni mtu aliyejitwisha mtungi wa maji. Huna cha kumwongezea. Kazi yako ni kutangulia mbele yake ukisema pisha, pisha. Akigongwa hamwagi kikombe kimoja akaendelea na safari, anarudi kisimani.

Hakuna gemu kati ya hizi tano inayolisema hilo, kwa hiyo mwaka mmoja umeme ulipokatika mchana mzima tulikata boksi la karatasi tukatengeneza yetu, na ndiyo nitakayoilinganisha na hizo za kulipiwa bila haya. Maprograma wanne wamechorwa kwenye ubao wa boksi. Wachezaji wawili hadi wanne, nyote vijana wa fildi. Kila mzunguko, programa ambaye hakusumbuliwa anapata kifuniko kimoja cha soda mbele yake, kama kete za drafti. Vikifika kumi mfululizo kazi moja imekamilika. Lakini kila mzunguko pia mnafunua karata ya tukio: umeme umekatika, bando limeisha, mteja anapiga simu ana swali dogo tu, bosi kaleta mgeni aone ofisi, mtu anapita na kadi ya mchango wa harusi. Programa aliyepatwa anapoteza vifuniko vyake vyote. Hata kama alikuwa na tisa. Vyote.

Mkononi una karata tatu za kuzuia. Ya LUKU inafuta tukio la umeme kukatika, ikiwa uliinunua kabla. Ya Mlangoni inamgeuza mgeni. Ya Nisimulie ni ya programa aliyekwama: anakueleza tatizo lake wewe usiyejua kitu, na katikati ya maelezo analiona mwenyewe. Watu hudhani tumeibuni, kumbe ni jambo la kila siku, mara ngapi nimesikilizishwa robo saa nikiitikia ehee, ehee, na mwisho nikashukuriwa kwa msaada ambao sijui ulikuwa upi. Kisha kuna Kahawa. Inaongeza kifuniko kimoja, isipokuwa programa akiwa na saba au zaidi. Hapo inahesabiwa usumbufu, vinaondoka vyote. Wageni wa mchezo huu huua maprograma wao kwa kahawa mapema tu, na wanabisha sana.

Kwa sura, haishindani na yoyote. Haina muziki, ubao umelowa chai pembeni, na ukiwa peke yako haichezeki. Kama uko nyumbani Mabawa usiku na simu yako, rudi kwa Kairosoft. Una kompyuta nzuri na unataka kucheka yaliyokupata, Jackie anakungoja. Fildi inaanza wiki ijayo na hujawahi kuandika mstari mmoja wa programu, nunua ya kuli, leo. Lakini mkiwa watatu, giza limeingia na feni imesimama, kata boksi.

Karata inayochukiwa kuliko zote ni ya mchango wa harusi, kwa kuwa hakuna ya kuizuia. Tulijaribu kutunga moja, wote tukakubaliana kwamba tutakuwa tunadanganya. Juzi tulipohesabu haikuwemo. Namshuku kaka wa dirishani. Mdogo wake anaoa mwezi ujao, na tangu Jumatatu anapita meza kwa meza na daftari.